Chama cha tatu Marekani: kisimame chenyewe, kiungane, kiingie ndani ya wakubwa, au sheria ya kura ibadilishwe kwanza?

Wenzetu wengi walioko Marekani wameshakula kiapo cha uraia, Wakongo na Warundi wa Lewiston na Portland kule Maine, Wakenya wa Minnesota na Dallas, Watanzania wa Maryland, na kila uchaguzi ukikaribia ubishi ni uleule. Mmoja anasema Democrat na Republican lao moja, mpeni kura mtu wa chama cha tatu, mwingine anamjibu acha kutupa kura wewe, alafu wanakasirikiana mpaka kesho yake. Kusema kweli wote wana hoja. Shida ni kwamba wanabishana kama vile njia ziko mbili tu, kumpa kura Jill Stein, mgombea urais wa chama kidogo cha Green, au kutompa, wakati watu waliobadilisha mambo kweli kule kwa miaka karibu 200 wametumia njia kama nne hivi, na kila moja ina mlango wake na bei yake.

Hapa naziweka hizo nne sambamba uone ipi inakaa na hali yako. Nina maoni yangu na yataonekana tu huko mbele, ila sikuambii moja ndo bora kwa wote maana sio kweli.

Tunazipima kwa nini

Mambo matano. La kwanza mlango, yani ni ngumu kiasi gani kuingia, hasa kuonekana kwenye karatasi ya kura. La pili hatari ya kugawa kura, ile ya kwamba unayemtaka hapiti na usiyemtaka kabisa ndo anapita. La tatu rekodi, imeshaleta mageuzi gani ya kushikika. La nne gharama, pesa na miaka. La tano inamfaa nani.

Kabla ya hapo lazima ujue kwanini kule vyama ni viwili, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Kiti kimoja kinatoa mshindi mmoja na anayeongoza anachukua chote hata akiwa na 38%, hakuna kugawana viti kwa asilimia kama Ujerumani. Kwenye urais ndo kabisa, majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska yanampa mshindi wa jimbo wajumbe wote wa jimbo hilo (hao wajumbe ndo wanaompigia rais kura ya mwisho), mtu anatakiwa kufikisha wajumbe 270, na asipopatikana wa kufikisha basi uamuzi unahamia Baraza la Wawakilishi ambako kila jimbo linahesabiwa kura moja, Wyoming na California sawasawa, na humo ndani wamejaa nani kama sio haohao wa vyama viwili. Ross Perot mwaka 1992 alipata 18.9%, karibu kura milioni 20, na wajumbe sifuri. George Wallace mwaka 1968 alipata 13.5% tu lakini kura zake zilirundikana majimbo ya Kusini akaondoka na wajumbe 46. Tangu Wallace hakuna mtu wa chama cha tatu aliyeshinda hata jimbo moja kwenye urais. Na Wallace, kwa asiyemjua, alikuwa anatetea ubaguzi wa rangi, kwahiyo tusidhani chama cha tatu maana yake lazima mageuzi mazuri.

Njia ya 1: Chama cha tatu kinachosimama chenyewe

Hapa ndo wako Green (watu wa mazingira), Libertarian (wanaotaka serikali ndogo), Reform ya Perot, na zamani Populist, Prohibition na wale wa Theodore Roosevelt.

*Mlango.* Mgumu. Kila jimbo lina sheria yake ya kuingia kwenye karatasi, idadi ya saini, tarehe za mwisho, aina ya fomu, na mawakili wa vyama vikubwa wanakaa wanasubiri saini zako wazipinge mahakamani. Libertarian walioanza mwaka 1971 wamefanikiwa kuwa kwenye karatasi za majimbo yote 50 mwaka 2016 na 2020, ila waulize pesa ngapi na nguvu ngapi zimeishia kwenye kukusanya saini kabla hata ya kampeni kuanza. Ukishaingia kuna ukuta wa pili, midahalo. Tangu mwaka 2000 tume iliyokuwa inaandaa midahalo ya urais iliweka sharti la 15% kwenye kura za maoni, na CNN walipoandaa wa kwao mwaka 2024 wakaweka sharti hilohilo. Utafikishaje 15% wakati watu hawajawahi kukuona, sijui.

*Hatari ya kugawa kura.* Kubwa, na mfano ambao hautaisha kusimuliwa ni Florida mwaka 2000. Ralph Nader wa Green alipata kura 97,488 pale, George W. Bush akampita Al Gore kwa kura 537, na Florida ndo iliyoamua nani anaingia White House. Wafuasi wa Nader wanakujibu, na jibu lao sio la kubeza, kwamba Gore alishindwa hata nyumbani kwake Tennessee, angeshinda huko tu Florida isingekuwa na habari. Sawa. Lakini 537 ni 537.

Miaka mingine hatari inageuka kuwa ndo silaha yenyewe. Mwaka 1912 Roosevelt alitoka Republican kwa hasira akaanzisha chama chake cha Progressive, akapata 27.4% na wajumbe 88, rais aliyekuwa madarakani William Howard Taft akaambulia wajumbe 8, na Woodrow Wilson wa Democrat akapita na kama 42% ya kura. Kwa Republican ilikuwa msiba, ila baada ya hapo hakuna chama kilichothubutu kuendesha siasa kama vile madai ya wale watu hayapo.

*Rekodi.* Hapa ndo watu wanaosema "chama cha tatu hakijawahi kufanya kitu" wanapokosea. Wakulima wa chama cha Populist walikutana Omaha tarehe 4 Julai 1892 wakatoa orodha ya madai, kodi ya mapato inayopanda kadri unavyopata zaidi, maseneta wachaguliwe na wananchi badala ya mabunge ya majimbo, kura ya siri, siku fupi ya kazi. Mgombea wao James Weaver alipata kama 8.5% na wajumbe 22. Wakachekwa. Mwaka 1913 kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta vyote viwili vikaingia kwenye katiba, na waliovipitisha ni vyama vikubwa ambavyo vilishawameza Populist zamani, maana mwaka 1896 walimuunga mkono William Jennings Bryan wa Democrat na chama chao kikafa taratibu baada ya hapo. Prohibition nao, chama cha kupiga marufuku pombe kilichoanzishwa mwaka 1869, hawakuwahi hata kukaribia urais na bado pombe ilipigwa marufuku nchi nzima kuanzia 1920 mpaka 1933. Ukipenda usipende, walipata walichokitaka.

Kuna wanaosema mbona Republican wenyewe walianza kama chama cha tatu. Nusu kweli. Liberty walianza mwaka 1840 kupinga utumwa, Free Soil wakafuata mwaka 1848 wakapata kama 10%, Republican wakazaliwa 1854, na mwaka 1860 Abraham Lincoln akashinda kwa 39.8% kwenye mbio za watu wanne. Ila Whig, kimoja kati ya vyama viwili vikubwa, kilikuwa kinaporomoka wakati huohuo, kwahiyo Republican waliingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi ya hivyo haijatokea tena.

Perot naye aliimba nakisi ya bajeti, yani serikali kutumia zaidi ya inachokusanya, mwaka mzima, akiwa na chati zake za televisheni za nusu saa, na kura milioni 20 zile ziliwafanya Rais Bill Clinton na Congress, bunge lao, waione nakisi kama jambo la kufa na kupona, mwaka 1998 bajeti ikawa na ziada kwa mara ya kwanza tangu 1969. Sio Perot peke yake, uchumi ulikuwa unakua vizuri tu, lakini mchango wake haufichiki.

*Gharama.* Utatumia miaka mingi na huenda chama kikafa mikononi mwako. Kuna kifungu kwamba chama kikipata 5% ya kura za urais kinapewa ruzuku ya serikali uchaguzi unaofuata, na Reform ya Perot ndo wanaoonyesha uzuri na ubaya wake, walipata 8.4% mwaka 1996, kwahiyo mwaka 2000 kulikuwa na kama dola milioni 12.6 mezani, watu wakagombania chama kwa ajili ya hizo hela, Pat Buchanan akaupata ugombea, akaishia 0.4%, na ndo ikawa mwisho wa ruzuku na karibu mwisho wa chama.

*Inamfaa* mtu mwenye ishu moja ambayo vyama vyote viwili havitaki hata kuitaja, na ambaye yuko radhi kuona wengine wanachukua wazo lake na sifa zake.

Njia ya 2: Chama kidogo kinachomuunga mkono mgombea wa chama kikubwa kwenye mstari wake

Hii wengi hawaijui kabisa. New York na Connecticut mgombea mmoja anaweza kutokea kwenye karatasi mara mbili, mara ya kwanza chini ya Democrat tuseme, mara ya pili chini ya Working Families Party, na kura zote zinajumlishwa kuwa zake. Wewe unamchagua yuleyule ila unaonyesha umetokea upande gani.

*Mlango.* Inategemea unaishi wapi, na sehemu nyingi mlango umefungwa. Zamani ilikuwa kawaida nchi nzima, vyama vilikuwa vinachapisha karatasi zao vyenyewe, unamweka umtakaye. Serikali za majimbo ziliposhika uchapishaji wa karatasi ya siri, kuanzia mwisho wa miaka ya 1880, zikapata pia uwezo wa kuamua nani anatokea mara ngapi, na mabunge mengi yakapiga marufuku mtu kutokea mara mbili, hasa kuwavunja nguvu Populist na Democrat wasiungane. Angalia hiyo, kura ya siri ambayo Populist wenyewe waliidai ndo ikaja kutumika kuwabana. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya chama kimoja kidogo cha Minnesota ikasema kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba jimbo lina haki ya kukataza. Mpaka leo ndo hivyo.

*Hatari ya kugawa kura.* Ndogo sana, na ndo uzuri wake mkubwa. Hatari iliyopo ni nyingine, chama kidogo kinaweza kuzoea kukaa mapajani mwa chama kikubwa mpaka kikasahau kilianzishwa kwanini.

*Rekodi.* Mwaka 1960 John F. Kennedy alishinda New York kwa tofauti ya kama kura 383,000, na mstari wa chama cha Liberal ulimpa zaidi ya 400,000. Yani ukiutoa huo mstari hesabu inabadilika, na hakuna mwanasiasa asiyeelewa hesabu ya namna hiyo. Upande wa kulia Conservative Party ya New York iliyoanzishwa mwaka 1962 nayo imefanya kazi hiyohiyo ya kuwavuta Republican, na mwaka 1970 ilimpeleka James Buckley kwenye Seneti kwa mstari wake yenyewe, akiwapiga wagombea wa vyama vyote viwili. Working Families walioanza mwaka 1998 wamesukuma kima cha chini cha mshahara New York, wamesukuma kulegezwa kwa zile sheria kali za dawa za kulevya za enzi za Gavana Rockefeller, na kazi yao kubwa haionekani siku ya uchaguzi, inaonekana pale mgombea anapokuja kuomba mstari na wao wanamuuliza, hili utalipigia kura au hutalipigia?

*Gharama.* Ya kati. Unahitaji ofisi, vyama vya wafanyakazi nyuma yako, watu wa kugonga milango kila mwaka. Na wakubwa wanaweza kupandisha bei wakichoka na wewe, mwaka 2020 New York ilibadilisha sharti, chama kikitaka kubaki kwenye karatasi lazima kipate kura 130,000 au 2%, ipi iliyo kubwa, kila baada ya miaka miwili badala ya minne. Working Families na Conservative wakavuka, vingine vikafutika.

*Inamfaa* anayeishi New York au Connecticut na anataka kuvuta chama kikubwa bila kumpa kura mpinzani. Ukiwa Texas au Ohio, hii soma tu kwa faida.

Njia ya 3: Kuingia ndani ya chama kikubwa kupitia mchujo

Huanzishi chama. Unaunda kikundi, unatafuta mgombea, mnamwangusha aliyepo kwenye mchujo wa chama chake mwenyewe, yani ile kura ya kumchagua mgombea wa chama kabla ya uchaguzi mkuu.

*Mlango.* Huu ndo mpana kuliko yote, na ni mlango uliofunguliwa na wanamageuzi, Wisconsin ilipitisha mchujo wa wananchi mwanzoni mwa miaka ya 1900 enzi za Robert La Follette, kabla ya hapo wagombea walikuwa wanapangwa na mabosi wa chama vyumbani. Leo mtu yeyote akipata saini za kutosha anaingia. Ila chunga kitu kimoja ambacho kinawakamata watu wetu kila mara, majimbo mengine mchujo umefungwa. New York ukiwa umejiandikisha kama mtu wa Working Families au huna chama hupigi kura mchujo wa Democrat, na kubadilisha chama mwisho ni tarehe 14 Februari. Kentucky, ambako Louisville kuna Wakongo wengi, mwisho ni tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Texas na Minnesota hakuna hata kujiandikisha chama, unachagua siku hiyohiyo mchujo upi unaingia.

*Hatari ya kugawa kura.* Kwenye uchaguzi mkuu hakuna, maana umeshamaliza ugomvi nyumbani. Hatari ni kwamba ukishindwa mchujo unaambiwa uungane na aliyekushinda, na ukishinda unamkuta kiongozi wa chama ana njia kumi za kukukalisha.

*Rekodi.* Mfano ninaoupenda kuliko wote wala sio wa juzi. North Dakota mwaka 1915, wakulima wa ngano wamechoka, reli na maghala na vinu vya Minneapolis vinawapangia bei na daraja la nafaka yao. Arthur Townley, mkulima aliyefilisika na kitani, alishawahi kufanya kazi ya kuandaa watu kwenye chama cha Kisoshalisti akagundua wakulima wanapenda madai ila hawalipendi jina la chama. Akaanzisha Nonpartisan League, watu wakapita shamba kwa shamba na magari ya Ford wakikusanya ada, na badala ya kusimamisha chama cha tatu wakaingia mchujo wa Republican, chama kilichokuwa kinashinda kila kitu kwenye lile jimbo. Mwaka 1916 wakapata gavana, Lynn Frazier, mkulima. Mwaka 1919 wakaanzisha Bank of North Dakota kwa mtaji wa dola milioni 2, benki ya jimbo, alafu kinu cha unga cha jimbo kule Grand Forks. Vyote viwili vipo mpaka leo, zaidi ya miaka 100, kwenye jimbo linalopigia Republican kura kama kawaida. Walilipa pia, wakati wa vita ya kwanza waliitwa wasaliti, na mwaka 1921 Frazier akawa gavana wa kwanza Marekani kuondolewa madarakani na wananchi kabla ya muda wake. Mwaka uliofuata wakamchagua seneta. Siasa bana.

Za karibuni unazijua. Tea Party, vuguvugu la mrengo wa kulia ndani ya Republican, waliwatikisa wakubwa wa chama kuanzia 2009, na Juni 2014 Eric Cantor, namba mbili wa Republican kwenye Baraza la Wawakilishi, akaangushwa mchujoni na mwalimu wa chuo, Dave Brat. Upande wa pili Juni 2018 Alexandria Ocasio-Cortez akamwangusha Joe Crowley wa New York, mmoja wa vigogo wa Democrat. Bernie Sanders, ambaye ni seneta huru, mara mbili alipoutaka urais alienda kwenye mchujo wa Democrat, 2016 na 2020, hakusimama kama mtu wa tatu. Hakushinda, ila bima ya afya kwa wote ikatoka pembeni ikawa swali la kila mdahalo.

*Gharama.* Ndogo kwenye viti vidogo maana wapiga kura wa mchujo ni wachache, kubwa mno kwenye Seneti na urais. Na gharama nyingine ni ya moyo, utakuwa mwanachama wa kitu ambacho nusu ya viongozi wake huwapendi.

*Inamfaa* anayeishi sehemu ambayo chama kimoja kinashinda siku zote, maana pale mchujo ndo uchaguzi wenyewe.

Njia ya 4: Kubadilisha kwanza namna ya kupiga kura

Hoja yao, mnahangaika na wachezaji wakati sheria za mchezo ndo mbovu. Dawa inayotajwa sana ni kura ya kupanga namba, unaandika wa kwanza wako, wa pili, wa tatu, asipopatikana mwenye zaidi ya nusu wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la waliomchagua, hivohivo mpaka mtu avuke nusu.

*Mlango.* Uko wazi pale tu ambapo wananchi wanaruhusiwa kupeleka sheria kwenye kura moja kwa moja, haki ambayo ilianzia South Dakota mwaka 1898 kwa msukumo wa Populist, wale wale. Kama jimbo lako halina hiyo basi unategemea wabunge waliochaguliwa kwa sheria ya zamani wapige kura kuiondoa. Kila la heri.

*Hatari ya kugawa kura.* Ndo kitu inachotibu, ingawa sio chote. Maine mwaka 2010 Paul LePage alipata ugavana kwa kama 38% huku mgombea huru Eliot Cutler akiwa na 36%, watu wakachukia, mwaka 2016 wakapitisha kura ya kupanga. Mwaka 2018 jimbo la pili la uchaguzi la Maine, ambalo Lewiston iko ndani yake, Bruce Poliquin aliongoza kwa 46.3%, Jared Golden 45.6%, wawili huru wakabeba zilizobaki, zilipohamishwa Golden akashinda kwa 50.6%. Waliowapa kura wale huru hawakupoteza kitu. Lakini cha kushangaza ugavana ulioanzisha hasira yote bado unaamuliwa kwa mtindo wa zamani kwenye uchaguzi mkuu, maana katiba ya Maine ina neno lake pale na mahakama ikasema ndo hivyo.

Na sio dawa safi. Alaska Agosti 2022 Mary Peltola wa Democrat aliwapita Sarah Palin na Nick Begich wa Republican, na hesabu za karatasi zinaonyesha Begich angekutana na yeyote kati ya hao wengine wawili, mmoja kwa mmoja, angeshinda, ila alikuwa wa tatu raundi ya kwanza akatolewa. Kingine, mtu akiandika jina moja tu na likatolewa, karatasi yake inaishia hapo.

*Rekodi.* Inapanda na kushuka. Cambridge, Massachusetts wanapanga namba tangu 1941, Minneapolis tangu 2009, New York City kwenye mchujo tangu 2021. Lakini Novemba 2024 Oregon, Colorado, Idaho na Nevada walikataa, Missouri wakapiga marufuku, Florida na Tennessee walishapiga marufuku 2022, Washington DC wakakubali, na Alaska walinusurika kuifuta kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Na jambo ambalo wanaoipigia debe hawalisemi kwa sauti, hata Maine kwenyewe Green na Libertarian hawajaanza kushinda viti vya Congress. Inaondoa woga wa kuwapigia kura, kuwapa ushindi ni habari nyingine.

*Gharama.* Kampeni za jimbo zima ni mamilioni ya dola, za mji ni nafuu sana. Na ukishinda bado unalinda, wanarudi na kura ya kuifuta.

*Inamfaa* mtu mvumilivu, asiye na haraka ya ishu moja, anayetaka wanae wapige kura bila kuhesabu nani atamharibia nani.

Mbona wanaochanganya ndo wanafika

Meya wa New York, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ni mwanachama wa kikundi cha wasoshalisti ambao hawakuanzisha chama cha kusimamisha wagombea wao. Juni 2025 aliingia mchujo wa Democrat, mchujo wa kupanga namba, yeye na mgombea mwenzake Brad Lander wakakubaliana wafuasi wa kila mmoja wamweke mwenzake namba mbili, Novemba akatokea kwenye karatasi mara mbili, Democrat na Working Families. Njia ya 2, ya 3 na ya 4 kwa mpigo mmoja. Mpinzani wake Andrew Cuomo aliposhindwa mchujo akajaribu kusimama peke yake Novemba, akashindwa tena.

Minnesota nako chama cha Ilhan Omar, ambaye utotoni alikaa kambi ya Utange karibu na Mombasa, kwenye karatasi hakiitwi Democrat tupu, kinaitwa Democratic-Farmer-Labor, kwa sababu Farmer-Labor kilikuwa chama cha tatu chenye nguvu kweli, kilishatoa gavana Floyd Olson miaka ya 1930, kikaungana na Democrat mwaka 1944 na jina lake likabaki pale. Kilikufa au kilishinda? Mimi naona vyote.

Sasa wewe uko wapi

Unaishi jimbo ambalo matokeo ya urais yanajulikana mapema, California au Tennessee, na kuna ishu moja inakuuma ambayo vyama vyote wameinyamazia: kura ya chama cha tatu kwenye urais haimwangushi mtu, na ni ujumbe. Njia ya 1 ina maana hapo.

Unaishi Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia: fikiria Florida kabla hujaamua. Sikukatazi, ila jiulize kama matokeo mawili yanayowezekana kweli kwako ni sawasawa. Kama ni sawasawa, endelea. Kama sio, hamishia nguvu kwenye mchujo.

Uko New York au Connecticut: mpigie umtakaye kwenye mstari wa chama kidogo kinachokufurahisha, haina hasara. Ila kabla ya kujiandikisha humo angalia kama kuna mchujo mkubwa unaotaka kuingia, utafungiwa nje.

Mji wako unashinda chama kilekile miaka yote, iwe Democrat au Republican: njia ya 3, na anza chini, diwani, bodi ya shule, bunge la jimbo. Jumuiya yenye wapiga kura mia chache waliojipanga inaweza kuamua mchujo wa diwani, kwenye urais hawaonekani hata kwa darubini.

Jimbo lako lina kura ya wananchi na una miaka mitano, sita ya kutoa: njia ya 4, uanze na mji sio jimbo.

Una green card tu: usijiandikishe na usipige kura, hata mtu wa kaunta akikupa fomu kwa bahati mbaya, ni kosa la jinai na unaweza kufukuzwa nchini. Ila sheria ya shirikisho inakuruhusu kuchangia pesa kampeni na kujitolea, kwahiyo kugonga milango, kupiga simu na kumtafsiria mgombea kwa Kiswahili kwenye mkutano wa mtaa hivyo vyote viko wazi kwako, kwa njia yoyote kati ya hizi nne.